Anayeanza gofu Lubumbashi: mwalimu mwenye diploma au mzee aliyekuwa kedi?

Kijana_wa_Kampemba
Jambo yenu wandugu. Nimeanza gofu mwaka huu hapa L'shi. Kazini kwetu tunasafirisha shaba, na mazungumzo mengi ya wakubwa yanamalizikia uwanjani Jumamosi. Usipocheza, unasimuliwa Jumatatu.

Kabla sijapata mwalimu nilikuwa napiga chuma 7 (fimbo ya chuma namba 7) peke yangu na mpira ulikuwa unakwenda mbele. Haufiki mbali, lakini mbele. Nikachukua masomo kwa mtu mwenye diploma ya kufundisha. Sasa mpira unakata kulia kila mara, na mara nyingine naugonga kichwani unaviringika tu kwenye nyasi. Yeye anasema nivumilie. Na anataka nilipe masomo 10 mengine kwa mkupuo, dola mkononi, kabla hatujaendelea.

Kuna mzee mmoja aliyebeba mifuko ya wachezaji miaka mingi. Aliniangalia, akasema: "Huyo amekuvunja mwili, kuja kwangu." Bei yake nusu.

Mimi naona kwa anayeanza mzee kedi ni bora kuliko diploma. Ameona maelfu ya watu wakipiga, anajua uwanja, anasema Kiswahili chetu. Anayepinga aseme.

Fundi_Kamalondo
Napinga, lakini kwanza swali. Unapiga kwa mkono wa kulia? Kama ndiyo, shika fimbo kama unavyoshika siku zote, tazama chini, uniambie unaona vifundo vingapi vya mkono wa kushoto. Ukiona kimoja au hakuna, mkono umegeukia kushoto mno, uso wa fimbo unafika kwenye mpira ukiwa wazi, mpira unakwenda kulia. Waalimu wengi wanataka uone viwili, hata vitatu kwa anayeanza. Hapo hakuna diploma wala mzee, ni mshiko.

Mpita_Kasumbalesa
Mimi niko upande wa mzee. Navuka mpaka kila mara kwa kazi, na ng'ambo kule Copperbelt ya Zambia gofu ni mchezo wa migodi: Nkana pale Kitwe, Nchanga pale Chingola, Ndola na vichuguu vyake vya mchwa katikati ya uwanja. Wachezaji wazuri wengi wa kule walianza kwa kubeba mifuko. Afrika Kusini alikuwepo Papwa Sewgolum, Mhindi wa Durban, kedi. Alishika fimbo kinyume, mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Mwalimu mwenye diploma angemkatalia siku ya kwanza. Akaenda Uholanzi akashinda Dutch Open mwaka 1959 na 1960, akairudia 1964. Na Zambia ikamtoa Madalitso Muthiya aliyeshinda US Open, mashindano makubwa ya Marekani.

Papa_Makomeno
Mpita, polepole. Muthiya hakushinda US Open. Aliicheza mwaka 2006 pale Winged Foot, Mzambia wa kwanza kufika hapo, na hiyo peke yake ni heshima kubwa. Mshindi mwaka ule ni Geoff Ogilvy wa Australia.

Ya Sewgolum ni kweli yote. Ongeza kwamba mwaka 1963 alishinda Natal Open na kwa sheria za ubaguzi hakuruhusiwa kuingia ndani ya jengo la klabu; kikombe alipewa nje kwenye mvua. Lakini hoja yako haisimami. Mtu aliyejifunza kwa kipaji chake si lazima aweze kumfundisha mwingine. Ungemwomba Sewgolum akufundishe ule mshiko wake?

Mpita_Kasumbalesa
Aksanti kwa kunisahihisha, Papa. Ndiyo, ningemwomba.

Mwana_Ruashi
Mnapoteza dola zenu bure. Bubba Watson wa Marekani hakuwahi kuchukua somo hata moja na alishinda Masters, mashindano makubwa ya kwao. Chukua simu, tazama video, jipige picha, ulinganishe. Kila kitu kiko pale bure.

Papa_Makomeno
Alishinda mara mbili, 2012 na 2014. Na alianza akiwa mtoto mdogo, anagonga mipira kuzunguka nyumba ya wazazi. Kijana wa Kampemba ni mtu mzima wa zamu na mikutano. Hizo saa za utotoni atazitoa wapi?

Mwana_Ruashi
Na Jim Furyk je? Swingi yake, anavyozungusha fimbo, imepinda hata mtoto anaicheka, na mwaka 2016 alipiga raundi ya 58, mashimo 18 kwa mipigo 58 tu.

Fundi_Kamalondo
Furyk alifundishwa na baba yake, ambaye alikuwa mwalimu wa gofu wa klabu. Mwalimu mmoja tu, tangu utoto. Mfano wako unatusaidia sisi, si wewe. Baba aliiona swingi iliyopinda, akaona mpira unakwenda anapotaka, akaiacha. Mwalimu mbaya angeinyoosha.

Mama_Bel_Air
Habari za jioni. Naona wanaume mmejaza ukurasa kwa mabingwa wa Marekani. Niseme nilivyochagua mimi.

Sikuuliza bei kwanza. Nilikwenda uwanja wa mazoezi, nikaagiza soda, nikakaa nikamtazama mwalimu akimfundisha mtu mwingine somo zima. Niliangalia mambo yangu. Anaongea kiasi gani? Mwanafunzi anapiga kiasi gani? Wa kwanza niliyemtazama aliongea karibu saa nzima, na mara nyingi fimbo alikuwa nayo yeye. Anapiga mipira mizuri, tunashangilia, mwanafunzi amesimama na mikono mfukoni. Nikaondoka.

Wa pili alimwambia mwanafunzi jambo moja tu. Kila mpira ukienda vibaya, alirudi kwenye jambo lilelile. Na mwisho alimuuliza: "Wiki hii utafanya mazoezi ya nini?" Mwanafunzi akajibu mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo nyinyi hamtaliona. Gofu mwalimu anakushika: mikono, mabega, kiuno. Mwalimu wangu, kabla hajanigusa, anauliza: "Mama, naomba nikuelekeze kiwiko." Mara nyingi hagusi kabisa, anaweka fimbo ya pili chini au anasimama mahali nisipopaswa kufika. Mwanamke anayeanza, akikutana na mwalimu anayekuja nyuma bila kuuliza, aondoke siku hiyohiyo, hata kama amelipa.

Yaya_Katuba
Mama, umesema ya maana kuliko sisi sote hapo juu.

Mimi baba yangu alikuwa kedi, kwa hiyo nazungumza kwa uchungu kidogo. Tangu utoto nilimsikia akiwasomea wachezaji grini, zile nyasi fupi zenye shimo: "Hapa inashuka kuliko unavyoona, lenga nje ya shimo kwa upana wa mkono mmoja." Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, nyasi zinakauka, udongo mwekundu unakuwa mgumu, mpira unadunda na kukimbia, akawaambia wapige fupi, wauache ukimbie wenyewe. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, mambo yanageuka. Diploma ya ng'ambo haifundishi udongo wa Katanga. Wachezaji walichukua ushauri wake, wakashinda vikombe vyao, yeye akapewa pesa ya kubeba mfuko.

Ninachoomba: mtu akimchukua mzee wa namna hiyo, asimlipe nusu kwa sababu hana karatasi. Ule muzee njo amesoma uwanja maisha yake yote.

Fundi_Kamalondo
Yaya, heshima kwa mzee wetu. Lakini unayoyasema ni ya kucheza uwanja: upepo, grini, udongo. Kijana hajafika huko. Bado anaugonga mpira kichwani.

Yaya_Katuba
Na kwa nini asianzie huko? Hesabu hii ni rahisi. Uwanja unaotakiwa kumalizwa kwa mipigo 72 unakadiria kila shimo mipigo miwili ya kusukuma kwenye grini. Mashimo 18 mara mbili ni 36. Nusu ya mchezo iko pale ambapo hakuna anayehitaji nguvu wala swingi kubwa. Baba alianza na mtoto karibu na shimo, hatua moja, hatua tatu, halafu anarudi nyuma kidogo kidogo hadi kufikia chuma 7. Mwenye diploma anaanza na swingi nzima kwa sababu ndiyo inayouza masomo.

Papa_Makomeno
Hapo sikubali hata kidogo kuhusu "inayouza", lakini kuanzia shimoni kurudi nyuma ni njia nzuri na waalimu wengi wenye diploma wanaifuata. Kijana amuulize mwalimu wake kwa nini hakuanzia huko, asikilize jibu.

Na nitoe swali la kupima mwalimu yeyote, kedi au diploma: "Mpira unaanza kuelekea upande gani, ule fimbo inakopita au ule uso wa fimbo unakotazama?" Zamani ilifundishwa kwamba mpira unaanza kufuata njia ya fimbo. Rada zinazofuata mpira, kama zile za Wadenmark wa TrackMan, zimeonyesha kwamba mwanzo wa mpira unafuata zaidi uso wa fimbo, na mkunjo unatokana na tofauti kati ya uso na njia. Mwalimu anayejibu ile ya zamani atakwambia uelekee kushoto zaidi ili mpira usikate kulia, na utaukata zaidi.

Mpita_Kasumbalesa
Papa, ukiwauliza wazee hivyo watakucheka. Watasema piga tuone.

Papa_Makomeno
Na wakiona, wanajua? Ndilo swali.

Dr_Mifupa
Jambo. Mimi ni mtaalamu wa viungo, nashughulika na migongo ya wachezaji baada ya masomo yenu. Mnahukumu mwalimu kwa haraka. Kijana anasema alikuwa vizuri, akachukua masomo, akawa vibaya. Hiyo ni kawaida kabisa. Mwili ulikuwa na njia yake, sasa unaambiwa njia nyingine, na kwa muda hauna hata moja. Mtu aliyesonga bukari maisha yote kwa mkono wa kulia, mpe mwiko mkono wa kushoto uone madonge. Hajasahau kupika.

Swali langu kwake: kati ya somo na somo, unafanya mazoezi mara ngapi? Dakika 15 mara nne kwa wiki ni bora kuliko saa nzima Jumamosi. Mwili unajifunza kwa kurudiarudia kulikotawanywa. Na usianze kwa fimbo ndefu ukiwa umetoka kukaa kwenye gari saa tano. Mgongo wa chini ndio unaolipa.

Kipushi_Juu
Wote mnazunguka. Tatizo ni fimbo! Anayeanza ananunua fimbo za mtu aliyeondoka mjini, ndefu kuliko yeye. Fimbo ndefu mno ndiyo inayopeleka mpira kulia. Mwalimu wa kwanza kupima fimbo zako ndiye wa kumchukua.

Fundi_Kamalondo
Kipushi, uko karibu lakini umegeuza. Kwa mtu wa mkono wa kulia, fimbo ikiwa ndefu mno, kisigino cha fimbo (upande wa kichwa ulio karibu na mpini) kinakaa chini na ncha inanyanyuka, na hapo uso unaelekea kushoto. Kulia ni kinyume chake, ncha ikichimba chini. Ila mpini ukiwa mgumu mno kwa mtu asiyezungusha kwa nguvu, uso mara nyingi unachelewa kufunga, na huo ndio unaweza kumpeleka kulia. Kuhusu kupima fimbo kabla ya kufundisha, nakubaliana nawe asilimia mia.

Kipushi_Juu
Sawa, kisigino nimekielewa. Lakini ni fimbo.

Kijana_wa_Kampemba
Aksanti sana wote. Nimejaribu majibu yenu leo.

Fundi: naona kifundo kimoja. Wakati napiga peke yangu nadhani vilikuwa vitatu, mwalimu ndiye aliyenigeuza mkono akisema nilishika "kama jembe".
Kipushi: fimbo ni za bosi wangu, mtu mrefu na mwenye nguvu, mpini mgumu sana.
Daktari: mazoezi ni Jumamosi tu, na mara nyingine hata hiyo inapotea kwa sababu ya mpaka.
Papa: nilimuuliza mwalimu lile swali la uso na njia. Akajibu sawasawa na ulivyosema, uso. Mzee nilimuuliza pia, akasema "mpira unafuata moyo wako", akacheka, kisha akanionyesha kwa mpira mmoja, akaukunja kushoto kuzunguka mti, wa pili kulia kuzunguka mti uleule. Sijui nimweke wapi.

Mwana_Ruashi
Mweke juu kabisa 😂

Papa_Makomeno
Anaweza kuifanya. Swali ni kama anaweza kukufanya wewe uifanye.

Dr_Mifupa
Kwa hiyo mshiko umebadilishwa, fimbo si zako, na mazoezi hakuna. Mambo matatu, na mwalimu ndiye amebeba lawama ya yote.

Fundi_Kamalondo
Daktari, la mshiko ni lake. Anayeanza akija na vifundo vitatu na mpira unakwenda mbele, unamwacha. Unabadilisha baadaye, akishaugonga vizuri.

Dr_Mifupa
Au aliona kitu ambacho sisi hatukukiona kwenye maandishi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama kijana akipiga.

Yaya_Katuba
Mzee alimtazama.

Mama_Bel_Air
Alimtazama, na neno lake la kwanza lilikuwa kumponda mwenzake. Mimi hilo linanikaa vibaya. Mwalimu anayejenga jina kwa kubomoa la mwingine, kesho mwanafunzi wake akishindwa atasema ni kosa la yule wa kwanza. Mzee huenda ana ujuzi wote, lakini ningependa asikie hili.

Na kuhusu masomo 10 kwa mkupuo: usilipe. Omba matatu. Andikeni hata kwa ujumbe wa simu: somo ni dakika ngapi, mipira ya mazoezi iko ndani ya bei au nje, mvua ikinyesha somo linahamishwa au limeliwa. Hapa kwetu kuanzia Novemba hadi Machi mvua ya alasiri inaua masomo mengi, na ugomvi wote unaanzia pale.

Mpita_Kasumbalesa
Mama ameongelea mvua, mimi naongeza radi. Kongo yetu ni kati ya nchi zinazopigwa na radi zaidi duniani, na mtu anasimama uwanjani wazi amenyanyua chuma. Mwalimu anayekwambia "tumalizie mipira iliyobaki" wakati mbingu inanguruma, mwache hapohapo. Na usikimbilie chini ya mti.

Kipushi_Juu
Hili naunga mkono bila kubisha.

Papa_Makomeno
Limewahi kutokea jambo hilo kwako, Kipushi, kuunga mkono bila kubisha?

Turudi kwenye diploma, maana watu wanaitaja kama kitu kimoja. Kuna leseni ya kucheza mashindano na kuna mafunzo ya kufundisha. PGA ya Uingereza, chama cha wataalamu wa gofu, ipo tangu 1901, ile ya Marekani tangu 1916, na mtu aliyepita huko amesomea namna ya kufundisha, kurekebisha fimbo, hata kuendesha duka la klabu. Lakini kuna karatasi nyingine ambazo mtu anazipata kwa siku chache. Muulize: ilitolewa na nani, na ulisomea kufundisha au kucheza? Mwenye karatasi ya kweli anajibu kwa furaha.

Mwana_Ruashi
Na handikapu, ile namba ya kiwango cha mchezaji, ndogo ndiyo bora? Mimi ningemuuliza mwalimu handikapu yake. Anayeanza anapewa 28, mwanamke 36, kwa hiyo mwalimu awe chini ya 5.

Fundi_Kamalondo
Hizo 28 na 36 ni za Uingereza ya zamani. Tangu mfumo mmoja wa dunia uanze mwaka 2020, mwisho ni 54.0 kwa wote, wanaume na wanawake. Na handikapu ya mwalimu inakwambia anavyocheza yeye. Mimi ningeuliza wanafunzi wake walioanza mwaka jana wako wapi leo: bado wanacheza, au wameuza fimbo?

Yaya_Katuba
Hilo ndilo swali bora la uzi huu wote. Na kedi mzee atakushinda kwa hilo, maana wanafunzi wake ni vijana wa mtaani ambao hawana fimbo za kuuza.

Kijana_wa_Kampemba
Nimefikiria kuchukua wote wawili: mwalimu kwa swingi, mzee kwa kucheza mashimo Jumamosi.

Dr_Mifupa
Vinywa viwili kwa mtu anayeanza? Mmoja atakwambia geuza mkono, mwingine urudishe. Mpaka uweze kupiga bila kufikiri, sikiliza mmoja.

Yaya_Katuba
Daktari, wanafundisha vitu viwili tofauti. Mzee hatagusa swingi ukimwomba asiguse. Mimi naona ni uamuzi mzuri.

Mama_Bel_Air
Inategemea kama wote wawili wataambiwa wazi, na kila mmoja akajua yuko mwenzake. Kwa siri haifanyi kazi, huu mji ni mdogo.

Nami nina swali langu. Binti yangu ana miaka 9, anataka kuja nami. Nimkatie fimbo za watu wazima ziwe fupi?

Fundi_Kamalondo
Usikate, Mama. Ukikata mpini unabaki na kichwa kizito na mpini unakuwa mgumu zaidi, mtoto anazungusha kwa mgongo. Bora fimbo mbili za mtoto, chuma kimoja na ile fupi ya kusukumia, kuliko mfuko mzima uliokatwa. Hata sheria ya fimbo 14 ni mwisho tu, haimlazimishi mtu kujaza mfuko.

Mpita_Kasumbalesa
Na kama mikono ni midogo, ashike kwa vidole vyote 10, au vidole viwili vifungane kama wanavyoshika Nicklaus na Tiger Woods. Asilazimishwe ule mshiko wa kidole kupanda juu ya kidole.

Kipushi_Juu
Naomba nami niulize. Mdogo wangu anaandika kwa kushoto, anakula kwa kushoto. Mwalimu mmoja amemwambia ajifunze kwa kulia kwa sababu fimbo za kushoto ni shida kupatikana. Ni sawa?

Papa_Makomeno
Mikono ya kuandika haiamui. Phil Mickelson anafanya kila kitu kwa kulia, na gofu anacheza kwa kushoto, kwa sababu utotoni alisimama mbele ya baba yake akimwiga kama kioo. Alishinda Masters 2004, 2006 na 2010. Mpe mdogo wako fimbo zote mbili, azungushe bila mpira, atajisikia mwenyewe.

Mwana_Ruashi
Na Bubba wangu ni wa kushoto pia, msimsahau.

Kipushi_Juu
Basi fimbo za kushoto nazipata wapi hapa mjini ili ajaribu?

Fundi_Kamalondo
Hapa nimeona seti moja tu, na mwenyewe hauzi. Lakini ukimwomba kwa heshima Jumapili asubuhi atakuazima chuma 7 kwa nusu saa. Nitumie ujumbe pembeni.

Mpita_Kasumbalesa
Nikipita Ndola wiki ijayo nitauliza kwenye duka la klabu. Ana urefu gani huyo mdogo wako?